Shaaban Robert: Karani wa Forodha Aliyejenga Nchi Angani

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukaelekea upande wa macheo, unaingia katika mitaa yenye majina ambayo mgeni hayasahau. Kuna Shauri Moyo, kuna Bahati, kuna Maringo, kuna Uhuru. Na ukizidi kwenda mbele utakuta Umoja. Nilipofika huko mara ya kwanza mwaka 1974, kijana wa Mombasa mwenye sanduku moja la bati na barua ya kumpa mjomba wangu, majina hayo yalinichekesha. Nilijiuliza ni nani aliyekaa kitako akauita mtaa mzima Maringo, na wakazi wake wakaridhika. Miezi michache baadaye nilisoma kitabu ambacho ndani yake waziri anaitwa Majivuno na kijana aliyeshtakiwa anaitwa Karama. Hapo kicheko kilinitoka.

Kitabu hicho ni Kusadikika, na mtungaji wake ni marehemu Sheikh Shaaban Robert wa Tanga. Leo nataka kuyasimulia maisha yake, ijapokuwa wengi wetu tulianza kulisikia jina lake tukiwa skuli. Sababu ya kumrudia sasa nitaitaja huko mbele, nayo inamhusu kijana wa nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimefikia Majengo ya Pumwani. Mahali hapo palitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 pawe makao ya Waafrika, na tangu hapo pamekuwa na Waislamu wengi: watu wa Pwani, Wanubi, na watu wa bara waliosilimu wakachukua majina mapya. Nyumba zake za udongo, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, hazikunitia ugeni hata kidogo. Jioni kahawa chungu ilipita barazani, na Kiswahili kilichosemwa pale, ingawa kilikuwa na lafudhi ya bara, kilikuwa Kiswahili. Mtu akiulizwa kabila lake alijibu kuwa yeye ni Mswahili, na maneno yakaishia hapo. Nje ya Majengo hayakuishia hapo. Kila karatasi ya kujazwa ilikuwa na mstari wa kabila, na karani aliyeshika kalamu hakuridhika na jibu langu. Alitaka kujua babu yangu alitoka wapi, na babu wa babu yangu pia.

Kusadikika nilikiazima katika maktaba ya Kaloleni, ambayo ni tawi la maktaba kuu ya McMillan. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na katika ukumbi wake chama cha KAU kilifanya mikutano yake kabla ya Hali ya Hatari. Kitabu kilikuwa chembamba, majani yake yamelegea kwa kushikwa na mikono mingi. Nilikianza baada ya sala ya isha kwa taa ya chemni, na nilipokifunga niliisikia adhana ya alfajiri. Tangu siku hiyo nilitaka kumjua mtu aliyekiandika.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Asili ya wazee wake ni Wayao, watu wa upande wa ziwa Nyasa na mto Ruvuma. Jina la pili, Robert, ni la baba yake, nalo limewatatiza watu wengi. Mimi mwenyewe utotoni nilidhani ni Mkristo, mpaka mwalimu wetu wa chuoni aliponitoa katika ujinga huo. Alikuwa Mwislamu aliyeishi na kufa katika dini yake, na vitabu vyake vimejaa shukurani kwa Mola.

Basi mtazame mtu huyu: damu ya Kiyao, jina la baba la Kizungu, dini ya Kiislamu, makao Tanga, lugha Kiswahili. Yule karani wa mstari wa kabila angemwandika wapi? Yeye mwenyewe hakusumbuka. Alijihesabu kuwa Mswahili, akakishika Kiswahili kama mtu anavyoishika hati ya shamba lake.

Masomo aliyapata Dar es Salaam baina ya mwaka 1922 na 1926, wakati Waingereza wamekwisha kuichukua nchi. Alipofanya mtihani wa kumaliza skuli alikuwa wa pili kati ya kumi na mmoja waliofaulu. Elimu ya darasani iliishia hapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1944 katika bandari za pwani, Pangani ikiwa mojawapo. Msomaji wa Mombasa au Lamu anaijua kazi ya forodha: mizigo, stakabadhi, mihuri, majahazi yanayoingia na kutoka, na ofisa Mzungu ndani ya chumba chake. Mtu mmoja hupitisha maisha yake yote akiandika hesabu za mali za watu wengine. Shaaban aliandika hizo hesabu mchana, na usiku akaandika mashairi. Mashairi hayo aliyapeleka katika gazeti la Mambo Leo la Dar es Salaam, na jina lake likaanza kuvuma.

Hapa nifungue mabano kidogo. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa tenzi za zamani. Kwake yeye shairi ni la Kimvita au Kiamu, na likiandikwa kwa herufi za Kiarabu ndiyo bora zaidi. Mkutano uliofanyika Mombasa kwetu mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wazee wa aina yake waliona wamenyang'anywa kitu ndani ya nyumba yao. Kwa hivyo aliposikia nikimsifu karani wa Tanga anayetunga kwa herufi za Kizungu, alinung'unika. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Muyaka hana haja ya kuombewa nafasi na mtu. Lakini nadhani babu hakuona jambo moja. Shaaban Robert alikichukua kile Kiswahili cha vitabu vya serikali, kilichokuwa kikavu kama karatasi ya kodi, akakitia roho.

Mwaka 1944 alihamishwa kwenda Mpwapwa, bara, katika Idara ya Wanyama. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hiyo ndiyo historia ya kazi yake yote: karani, na tena karani. Huzuni ya nyumbani nayo haikumkosa. Alifiwa na mkewe Amina, akamwandikia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo watu wazima hulisoma wakashindwa kulimaliza. Watoto walibaki mikononi mwake. Akatunga tenzi mbili za kuwausia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume, kwa mtindo ule ule ambao Mwana Kupona wa Pate alimuusia binti yake zaidi ya miaka themanini kabla yake. Maisha hayo ameyaeleza mwenyewe katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949.

Wakati wa vita vya Hitler alianza utenzi mrefu mno, alioumaliza vita vilipokwisha, akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jina hilo limenishughulisha miaka mingi. Uhuru wa nani? Vijana wa Tanganyika na Kenya walivaa sare za King's African Rifles wakaenda kupigana Uhabeshi na Burma kwa ajili ya uhuru wa mataifa, kisha wakarudi kwenye kipande na kodi ya kichwa. Wapo wanaomtia ila marehemu kwa kuwa aliwasifu Waingereza katika vita hivyo, na kwa kuwa baadaye alikubali nishani yao ya M.B.E. Hayo ni kweli, wala sitayaficha. Lakini mtu huyo huyo, katika miaka hiyo hiyo, alikuwa akiandika habari za nchi mbili ambazo hazimo katika ramani ya Mwingereza yeyote.

Nchi ya kwanza ni Kufikirika, ambayo mswada wake ulikuwa tayari mwaka 1946. Ya pili ni Kusadikika, iliyochapwa na Nelson mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Ina mfalme, ina mawaziri, ina mahakama na magereza. Kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha elimu ya sheria na kuwafundisha watu. Mtu akijua sheria, wakubwa wanasema, ataanza kuhoji. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Hatoi mashahidi wala haombi huruma. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande zote, za juu na za chini, kutafuta yatakayoifaa nchi. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mtoto yeyote aliyepita chuoni kwetu anazijua maana za majina hayo kabla hajafungua kitabu. Kila mjumbe alitaabika njiani, akarudi na shauri jema, na kila mmoja malipo yake yakawa adhabu. Siku ya mwisho mfalme anaongoka. Karama anaachiliwa, na milango ya gereza inafunguliwa kwa wale waliofungwa kwa sababu ya kuitumikia nchi yao.

Wachambuzi wengi wamesema Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni. Wengine wamesema ni mahali popote palipo na dhuluma. Mimi nadhani pande zote mbili zimesibu, ila zimelisahau jambo la ofisini. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali. Mshahara wake ulitoka kwa wale wale ambao angewashtaki. Angeliandika kwamba hakimu wa Tanga hukata kesi bila ya kumsikiliza mtu mweusi, kitabu kisingalichapwa, naye angelifukuzwa kazi. Kwa hivyo aliipandisha mahakama angani, akawavika watu wake majina ya tabia, akamwacha Karama azungumze siku sita mfululizo mbele ya wakubwa wake. Mzungu aliyekisoma aliona ni hadithi kama za Alfu Lela Ulela. Mwafrika aliyekisoma alijua yuko wapi.

Nilikisoma, kama nilivyosema, katika Majengo ya Pumwani, na wazee wa hapo walikuwa na habari zao. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya. Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, na mitaa hii ya mashariki ndiyo iliyopata kishindo chake. Watu walitolewa majumbani, wakapangwa mistari, wakatengwa kwa kabila. Aliyekuwa Mkikuyu, Muembu au Mmeru alienda upande wake, na makumi ya maelfu walipelekwa vizuizini bila ya kesi. Mjomba wangu alinieleza namna ambavyo siku zile neno moja la kujibu liliamua mtu atalala wapi. Baada ya kunisimulia, niliisoma tena kesi ya Karama. Yeye angalau alipewa siku sita za kusema.

Hata majina mengine ya mitaa yana historia hiyo. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Baba yake alikuwa James Mbotela wa Freretown, Mombasa, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya masimulizi marefu katika Kiswahili cha nathari. Uhuru, tena Uhuru. Sisi watu wa pwani tumeliandika neno hilo mapema sana.

Tumrudie marehemu. Mwaka 1952 alitoa Adili na Nduguze, hadithi aliyoifinyanga kutoka katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa ubaya waliomtendea mdogo wao. Mwaka huo huo alitoa rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili. Mwaka 1958 alitoa wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyetoka kijijini Fumba akafika Bombay kurekodi santuri, naye alikuwa binti wa watu maskini aliyecheka na waliomcheka. Nakipenda sana kitabu hicho. Inaonekana mwandishi aliona katika maisha ya bibi yule kitu alichokijua vizuri: mtu aliyepewa nafasi ndogo, akaipanua kwa sauti yake. Vitabu vyake vingine sitaviorodhesha, maana ni zaidi ya ishirini na vinapatikana. La kushangaza ni kwamba baadhi yake, kama Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha, vilichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Maandishi ya Mwafrika Mwislamu wa Tanga yalisafiri hadi nchi ya ubaguzi wa rangi ili yapate kupigwa chapa.

Alikuwa mjumbe katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na katika baraza la mji wa Tanga, na alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Utajiri hakuupata. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, naye akauona kwa macho yake. Mwezi Juni 1962 alifariki Tanga, akazikwa kwao Vibambani, umri wake miaka 53. Alifaidi nchi huru kwa nusu mwaka tu. Miswada kadhaa aliiacha ndani ya nyumba. Kufikirika, iliyokuwa imengoja tangu 1946, na ule utenzi mrefu wa vita, vilitoka mwaka 1967, na mji uliovitoa ni Nairobi, kwa chapa ya Oxford. Dar es Salaam ikampa barabara na skuli. Na mbegu yake ikaota hata kwetu: mwaka 1995 Katama Mkangi, mwana wa pwani aliyekuwa amewekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi, habari za nchi nyingine ambayo jina lake ukilikata vipande linakuambia kuwa wale ni sisi.

Sasa ile sababu. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alizaliwa Majengo na mama yake alizaliwa huko. Alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa na cheti cha skuli. Aliulizwa kabila, akasema Mswahili. Akaambiwa alete karatasi za babu. Akazileta. Akaambiwa arudi na mzee wa kumthibitisha. Mara ya tatu alirudi nyumbani akaniambia kwa upole, Mjomba, nimepata mtu atakayenisaidia, lakini itanibidi nibadilishe jina la baba, nijiandikishe kwa kabila lingine. Bila ya kitambulisho hana kazi, hana benki, na akisimamishwa na askari usiku hana la kuonyesha. Waswahili wamehesabiwa kwa jina lao katika sensa ya 2019, lakini sensa haipo dirishani pale ofisini.

Sikuwa na la kumwambia. Kumkataza nisingeweza, kwa kuwa njaa ni yake. Niliingia ndani nikatoa nakala yangu ya Kusadikika, nikampa.

Alikirudisha baada ya siku nne, na hukumu yake haikuwa laini. Alisema watu wa kitabu hicho ni wema mno au wabaya mno, na kwamba Karama anahutubu kama khatibu wa Ijumaa asiyetazama saa. Nilicheka, maana yote mawili ni kweli, na ni ila ambayo wapenzi wa Shaaban Robert hatupendi kuikiri. Kisha aliniuliza swali: kwa nini Karama hakukimbia, naye alikuwa na siku sita? Nilimwambia kwamba nchi ile inaelea angani na mtu hana pa kukimbilia. Alinitazama kwa muda, akasema hilo si jibu. Akaniuliza pia kama ni kweli mtunzi jina lake la baba ni Robert. Nikamweleza habari za Vibambani, za Wayao, za forodha ya Pangani, hadi maghribi ikaingia.

Mara ya nne alikwenda ofisini na jina lake kamili, na katika mstari wa kabila akaandika neno lile lile. Aliambiwa asubiri, na mpaka ninapoandika haya anasubiri. Kitabu alikichukua tena siku iliyofuata, akampa rafiki yake wa Shauri Moyo ambaye naye amerudishwa mara mbili. Nimekiulizia juzi, nikaambiwa sasa kiko Bahati.